Koti la Ebo Eshun

Pesa ya marehemu ina harufu, na Takoradi nzima ina pua. Araba Eshun hakumwambia mtu kwamba mafao ya mumewe yameingia benki, lakini jua halijazama siku ile walishafika wageni watatu kumjulia hali: mmoja na mkungu wa ndizi, mmoja na habari za kiwanja, na wa tatu hana kitu ila mdomo. Aliwakaribisha wote, akawapa maji, akawasikiliza. Walipoondoka hakukumbuka hata mmoja wao alisema nini.

Ndivyo alivyokuwa tangu Ebo afariki, na sasa ulikuwa mwezi wa nane. Wangemwuliza kama ana huzuni angesema hapana, na asingekuwa anadanganya. Alikuwa kama mguu uliokaliwa muda mrefu. Upo, unauona, unajua ni wako, lakini ukiubonyeza hausemi kitu. Kila asubuhi alikanda unga wake wa mahindi uliochachuka, akafunga madonge ya kenkey kwenye majani makavu ya migomba, akayapanga kwenye sufuria kubwa na kuwasha moto. Wateja walikuja wakala na samaki wa kukaanga na pilipili, wakalipa, wakaenda zao. Siku moja mvuke ulimbabua mkono mpaka ukatoka malengelenge, na aliyegundua alikuwa mteja.

Hata mazishini hakulia. Hilo watu hawakulisamehe. Kwetu mjane anatazamwa kuliko maiti, na mjane mwenye macho makavu anaombewa kwa sauti ya chini inayosikika vizuri. Wifi yake Efua Bentsiwa, dada mkubwa wa Ebo, ndiye aliyelia kwa niaba ya wawili. Aligaragara, akainuliwa, kisha akagaragara tena upande wenye kamera. Araba alikaa kwenye kiti chake, amevaa nyeusi, anatazama jeneza na kuwaza kwamba chumvi imekwisha nyumbani.

Ebo alikuwa mwendesha kreni bandarini. Presha ilimwangusha akiwa anapanda ngazi kwenda zamu ya asubuhi. Ukoo wake ulichukua pikipiki, redio na vitambaa vyake vya heshima, kama ilivyo desturi, na hakuna aliyelalamika. Lakini kwenye karatasi za pensheni Ebo alikuwa ameandika jina la mkewe, basi mafao yalimjia Araba. Hayo ndiyo yote yaliyokuwapo, na mengine hayangekuja. Binti yao Kukua alikuwa chuo cha uuguzi Cape Coast, amebakiza miaka miwili. Pesa ile ikikaa, Kukua atavaa sare nyeupe. Ikipotea, atarudi kufunga kenkey. Araba alilijua hilo kama mtu anavyojua jina la mtaa wake. Alilijua, na bado halikumtisha.

Bwana Crentsil, mtu wa uwekezaji, aliingia maishani mwake kupitia kipaza sauti.

Kwetu mchango wa msiba haupenyezwi mkononi kimyakimya kama hongo. Inawekwa meza, wanakaa waandishi, na mshereheshaji anatangaza jina lako na kiasi ulichotoa mpaka mtaa wa pili wasikie. Mchango usiotangazwa haujatolewa. Na aliyekutolea, siku ya msiba wake lazima uende umtolee. Basi siku ya Ebo watu walikuwa wanatangazwa sidi hamsini, sidi mia, mkuu wa ukoo sidi mia tano, ghafla mshereheshaji akavuta pumzi: sidi elfu mbili, kutoka kwa Bwana Joe Crentsil! Watu wakaguna chini ya maturubai. Mwenyewe akaomba kipaza sauti. Akasimulia kwamba zamani alisimama kwenye geti la bandari, mvua inamwagika, hana kazi, hana mbele wala nyuma, na mtu huyu aliyelala hapa akavua koti lake la mvua akamvika. Akamwambia, "Vaa, kijana. Mungu hasahau." Kisha akaondoka analoa.

Maneno mengine yote ya siku ile yalimpita Araba juu juu. Hilo peke yake lilipenya. Koti lenyewe, lilirudi vipi Araba hakujiuliza, lilikuwa bado limening'inia nyuma ya mlango wa chumbani, la manjano, zito, na ndani ya ukosi Ebo alikuwa ameandika jina lake kwa rangi nyeusi, kama alivyoandika kwenye mwavuli wake, kwenye nyundo yake na chini ya kikombe chake cha chai. Asubuhi kabla ya kuwasha moto Araba alipata mazoea ya kuushika mkono wa koti lile. Hakuhisi mengi. Lakini alihisi kitu, kidogo, kama jiwe la jikoni ambalo halijapoa vizuri.

Crentsil akawa mgeni wa kila wiki. Alikuja na mkate na kopo la maziwa, amevaa shati lililopigwa pasi mpaka mikono inakata, na alimwita Araba shemeji.

"Shemeji, mimi sikuja kwa ajili ya pesa," alisema siku moja, amekaa kwenye kiti cha Ebo. "Pesa ni nini? Karatasi tu."

"Ndiyo."

"Mimi nakuja kwa ajili ya ndugu yangu Ebo. Naona aibu pesa yake inalala benki kama mgonjwa. Niachie mimi niiamshe. Kila mwezi nakuletea faida hapahapa, mkononi mwako. Hata haya masufuria utayagawa."

"Na wewe unachukua nini?"

Hakuuliza kwa ujanja. Aliuliza kwa sababu ndivyo alivyozoea. Kila jioni Mzee Atta, mkusanyaji wa susu, alipita sokoni kuchukua akiba za wauzaji, na mwisho wa mwezi alirudisha zote isipokuwa ya siku moja. Ya siku moja ilikuwa yake, kila mtu alijua, na hakuna aliyegombana naye isipokuwa mwezi wa Februari, kwa vile una siku chache na yeye hapunguzi.

Crentsil alicheka mpaka akashika kifua. "Mimi nichukue kitu kwa mjane wa Ebo? Shemeji, unanitukana. Hata senti!"

"Umesikia?" Efua Bentsiwa alidakia kutoka mlangoni. Siku za Crentsil yeye hakukosa. "Hata senti! Mtu katoa elfu mbili, tena kwenye spika, ukoo mzima unasikia. Leo umwambie hapana? Uso utauweka wapi, wifi? Utauficha kwenye sufuria?"

Kusema kweli hakuna mtu Takoradi ambaye angekuwa na jibu. Ukishakula mchango wa mtu, humwulizi vyeti.

Aliyemchelewesha ni Kukua. Alipiga simu kutoka chuoni, na kwa sauti yake alikuwa amejificha mahali, ananong'ona.

"Mama, usisaini chochote kwanza. Kuna mama mmoja yuko hukohuko Takoradi, mwalimu wetu aliwahi kwenda kwake. Kazi yake ni kushauri watu mambo ya pesa. Hauzi kitu. Anakushauri, unamlipa, basi."

"Namlipa kwa kuongea?"

"Kwa kushauri, Mama."

"Kushauri ndiyo kuongea."

"Nenda ukamsikilize tu. Kwa ajili yangu."

Araba akaenda. Siku zile ukimwambia nenda alikwenda, ukimwambia kaa alikaa.

Ofisi ilikuwa juu ya duka la rangi karibu na soko kuu, na ngazi zote zilinuka tepentaini. Mwenyewe aliitwa Bi Rahinatu Seidu, mwanamke mwembamba wa kutoka kaskazini, mji uitwao Wa. Alikuwa anakula karanga na hakuona haya kumalizia aliyokuwa ameishika. Ukutani kulikuwa na leseni yake, na kwenye picha ya leseni alikuwa amenuna vilevile.

"Karibu, mama. Kaa. Shida ni nini?"

Araba akaeleza kwa maneno machache: mume, bandari, mafao, binti. Halafu akangoja. Kila mtu aliyemjia na habari za pesa alianza kwanza na Ebo: alivyokuwa mtu wa watu, alivyokuwa baba wa yatima, ardhi impokee taratibu. Alizoea sasa. Ilikuwa kama kungoja sala kabla ya chakula. Sala haikuja. Bi Rahinatu alikuwa anafuta maganda ya karanga mezani.

"Ulimjua mume wangu?" Araba akauliza mwishowe.

"Hapana."

"Ebo Eshun. Wa kreni."

"Sikumjua, mama."

"Hata msibani hukuja?"

"Ningekujaje, na sikumjua?" Bi Rahinatu alimtazama kwa mara ya kwanza. "Sikiliza, kuuliza leo ni bure. Tukikaa chini kupanga, saa moja ni sidi mia mbili na hamsini. Unalipa kabla."

"Na faida yangu itakuwa kiasi gani?"

"Sijui. Inaweza kuwa ndogo. Naweza hata kukwambia sehemu kubwa uiache palepale ilipo."

"Nikulipe mia mbili na hamsini uniambie niiache ilipo?"

"Inawezekana. Wapo waliolipa hiyo wakatoka hapa wamevimba kwa hasira. Lakini pesa yao ipo." Akamimina karanga nyingine kiganjani. "Mimi nalipwa na wewe tu, mama. Kama yupo mwingine anayekuambia bure, mwulize anakula kwa nani."

Araba alishuka ngazi. Alijaribu kukasirika na hasira ikakataa kuja. Alichojua ni kwamba mwanamke yule hakuwa na adabu, na hakumpa pole hata moja.

Efua Bentsiwa aliposikia bei alikaa chini ili acheke vizuri. "Mia mbili na hamsini kwa maneno! Mimi naongea tangu nizaliwe, hakuna aliyenipa hata kumi! Wifi, mimi na wewe tufungue ofisi. Wewe utanyamaza, mimi nitaongea, tutagawana." Akajifuta machozi kwa ncha ya kitambaa. "Na eti hakumjua Ebo! Sasa mtu asiyemjua marehemu unampaje jasho la marehemu? Crentsil alivikwa koti na mkono wa Ebo mwenyewe."

Hilo ndilo lililoamua. Elfu mbili za Crentsil zingeweza kusahauliwa, na maneno ya wifi Araba alishazoea kuyaacha yapite. Koti hakuweza. Kama angemkataa Crentsil angekuwa analikataa koti, na asubuhi angeshika nini? Akasema sawa, Jumatatu atasaini. Aliposema hivyo hakuhisi raha wala woga. Akaenda kuloweka majani ya migomba.

Jumamosi ilikuwa ya mazishi. Kwetu Jumamosi ni ya mazishi hata kama wewe hukufiwa. Safari hii alikuwa Mwalimu Essilfie wa Shama, mkuu wa shule mstaafu. Ukoo wake ulikuja msibani kwa Ebo na ukatangazwa, kwa hiyo mjane wa Ebo hakuwa na njia ya kukwepa. Walikwenda yeye na wifi yake, wakakaa viti vya nyuma chini ya turubai, wakapewa maji ya chupa. Spika zilikuwa kubwa kuliko msiba wenyewe. Mjane wa mwalimu, mama mnene mwenye kichwa kilichofungwa kitambaa cheusi, alikuwa amekaa mbele katikati ya wanawake wa ukoo, analia bila kupumzika. Araba alimtazama kama mtu anavyotazama wengine wakila.

Meza ya michango ilifunguliwa. Hamsini. Mia. Ishirini, na mshereheshaji akaitangaza ile ishirini kwa huruma. Halafu akavuta pumzi.

"Sidi elfu mbili! Sikieni vizuri, wazazi wangu! Elfu mbili, kutoka kwa Bwana Joe Crentsil!"

Araba aliinua kichwa. Kweli alikuwa yeye, amejifunga kitambaa cheusi begani kama mtoto wa ukoo, na mkono wake ulishafika kwenye kipaza sauti.

"Wazazi wangu, mimi leo nimefiwa na ndugu," Crentsil alisema, na sauti ikakatika mahali palepale ilipokatika msibani kwa Ebo. "Zamani nilisimama kwenye geti la shule. Mvua inamwagika. Sina kazi, sina mbele wala nyuma. Mtu huyu aliyelala hapa akavua koti lake akanivika. Akaniambia, 'Vaa, kijana. Mungu hasahau.' Akaondoka analoa."

Umati ukaguna. Crentsil akamwendea mjane, akainama, akamshika mikono yote miwili, na kwa kuwa kipaza sauti kilikuwa bado kinafanya kazi, watu wote walimsikia akisema, "Shemeji, pole. Hauko peke yako."

Efua Bentsiwa alikuwa na chupa ya maji mdomoni. Akaishusha. Akaifunga. Hakusema neno, na wanaomfahamu watakwambia hilo ni tukio.

Araba aliona kitu kinasogea kifuani. Mwanzoni hakukitambua, alikuwa amekaa muda mrefu bila wageni wa namna ile. Halafu akakijua: ilikuwa hasira. Alikasirika. Alikasirika kwa ajili ya koti kwanza, kabla hajakumbuka pesa. Kila asubuhi alikuwa ameshika mkono wa nguo ambayo hakuvikwa mtu, akajipasha moto kwa uongo unaozungushwa msiba hadi msiba kama viti vya kukodi. Mkono wake uliobabuka ukaanza kuwasha, na akaufurahia.

Akasimama.

"Unakwenda wapi?" wifi akanong'ona, amemshika kitambaa. "Wifi, kaa. Watu wanatazama."

"Nakwenda kutoa mchango. Si ndicho kilichotuleta?"

Alitoa sidi hamsini zake, zikatangazwa, kisha akapita kwenye mstari wa mbele kuwapa mkono wafiwa, kulia kwenda kushoto, kama adabu inavyotaka. Crentsil alikuwa amewekewa kiti karibu na mjane. Alipomwona Araba, tabasamu lake lilichelewa kidogo, kisha likafika.

"Shemeji! Na wewe uko huku? Dunia ndogo."

"Ndogo sana," Araba alisema, akampa mkono. "Bwana Crentsil, lile koti la Ebo lilikuwa rangi gani?"

"Koti?"

"Alilokuvika getini."

"Ah, shemeji, siku nyingi hizo." Akacheka kidogo, akatazama kulia na kushoto. "Jeusi. Si la mvua? Lilikuwa jeusi."

"Ahsante," Araba alisema.

Hakupiga kelele. Alisogea hatua moja mpaka kwa mjane wa mwalimu, akamkumbatia kama wengine walivyomkumbatia, na akamwambia sikioni, "Dada, pesa za mwalimu zikitoka, huyu atakuja nyumbani kwako na mkate. Mwulize koti lilikuwa rangi gani." Mama yule alikoma kulia, akamtazama usoni, akatazama vazi lake jeusi la ujane, kisha akageuza kichwa polepole kwa Crentsil.

Wakati wa kurudi, ndani ya basi, Efua Bentsiwa aligeukia dirishani.

"Aliniahidi friji," alisema.

"Nani?"

"Si yeye? Ukisaini tu, friji la milango miwili." Akavuta kamasi. "Wifi, mimi ni mjinga."

"Wote wawili," Araba alisema. "Mimi nilitaka koti, wewe ulitaka friji."

Jumatatu asubuhi hakupika. Majirani waliokuja na sahani zao walikuta jiko baridi wakaulizana kama kuna mtu mwingine aliyekufa. Araba alikuwa anapanda ngazi za duka la rangi, na sidi mia mbili na hamsini zimefungwa kwenye pindo la kitambaa chake. Alizifungua, akazilaza mezani mbele ya Bi Rahinatu Seidu.

"Umerudi," Bi Rahinatu alisema.

"Nimerudi. Nina mtu wangu wa susu, kila mwezi anakula ya siku moja na ninajua anakula. Kwako nimejua unakula nini. Kwa yule mwingine sikujua."

"Ulimwuliza?"

"Nilimwuliza. Alicheka."

Bi Rahinatu aliandika stakabadhi, akampa, akavuta saa ndogo ya mezani akaiweka kati yao ili wote wawili waione. Hakuna karanga leo. Akachukua kalamu.

"Haya. Tunaanza na yeye, kwa sababu ni jasho lake. Sikumjua, kwa hiyo utaniambia wewe. Mumeo alikuwa mtu wa namna gani kwenye pesa?"

Araba alifungua mdomo, na yale ya msibani yakawa yamejipanga tayari kwenye ulimi: mkarimu, mtu wa watu, baba wa yatima. Akayaangalia. Hakuna hata moja lililomhusu Ebo.

"Bahili," alisema.

Kalamu ilisimama.

"Alikuwa bahili, Bi Rahinatu. Bahili wa kutupwa. Alikuwa anahesabu vipande vya samaki kwenye mchuzi, mbele ya wageni. Mwavuli wake alimnyima mchungaji, mchungaji akaondoka na mvua, Biblia kaificha ndani ya shati. Kila kitu aliandika jina. Nyundo, kikombe. Koti lake?" Akatikisa kichwa. "Ebo amvike mtu koti lake? Ebo? Mtu angekufa kwa baridi pale getini, na Ebo angempita amefunga vifungo mpaka shingoni. Mimi nililijua hilo. Nimelala naye miaka yote hiyo, nilijua, nikalikubali tu lile koti, kwa kuwa lilikuwa zuri."

Chini dukani mtu alikuwa anabishania bei ya kopo la rangi.

"Na kila mwisho wa mwezi," alisema, na sauti haikuwa imara tena, "zamani zile, kabla mishahara haijaanza kupita benki, alikuja na bahasha haijafunguliwa. Haijafunguliwa, unanielewa? Mtu yule anayehesabu samaki. Anaiweka mezani mbele yangu, hasemi kitu, anakwenda kuoga."

Ndipo ikaja. Haikuja vizuri, kama ile ya mbele ya kamera. Ilikuja na kamasi na kwikwi, ikamkunja mpaka paji la uso likagusa meza, na alilia kwa ajili ya Ebo Eshun, mchoyo, mwenye kikombe chake, aliyekufa kwenye ngazi akienda kazini. Ilimwuma kila mahali kwa pamoja. Stakabadhi ikalowa mkononi mwake.

Bi Rahinatu hakumpa pole. Alinyoosha mkono, akaigeuza ile saa ya mezani ikatazama ukutani.

"Hii siihesabu, mama," alisema. "Tutaanza ukimaliza."